Vichwa vya kusubu katika Lee-Enfield: pima bunduki kabla ya kununua kalibu

Wengi wanaoanza kusubu vichwa vya risasi, yaani kumimina madini yaliyoyeyushwa kwenye kalibu, kwa ajili ya Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, huanzia mwisho. Hununua kalibu iliyoandikwa .303, wakayeyusha madini, wakajaza maganda, kisha wakashangaa risasi zinakwama njiani kutoka kwenye magazini, au zinatawanyika kwenye shabaha kama mtama uliomwagwa. Mimi hujaza risasi zangu mwenyewe hapa Kanada, ambako bunduki hizi ni nyingi na bado zinapendwa, na kila anayeniuliza humjibu vilevile: pima bunduki yako kwanza, ndipo uitafutie kalibu.

Hiyo .303 ni inchi, sawa na milimita 7.70, nayo ni kipenyo cha mtutu juu ya matuta, ile michirizi iliyoinuka ndani yake inayokizungusha kichwa. Kichwa cha kusubu kinatakiwa kijaze mifereji iliyo kati ya matuta hayo, na huko vipimo ni vingine. Kwa kawaida hutajwa 7.90, lakini bunduki zilizotengenezwa wakati wa vita hutofautiana sana; mtutu wa 7.98 au zaidi si jambo la ajabu. Kichwa cha madini laini kikiwa chembamba kuliko mifereji, gesi ya moto hupenya pembeni, huyeyusha ngozi yake na kuipaka ndani ya mtutu. Hapo usahihi umekwisha, na utabaki na brashi mkononi. Ninachotaka ni kichwa kinachozidi mifereji kwa milimita 0.03 hadi 0.05.

Kupima ni rahisi kusema. Hakikisha bunduki haina kitu, toa bolti (kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani), paka mafuta ndani ya mtutu, kisha sukuma kipande cha madini laini ya risasi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kinatoka na alama zote za ndani. Tabu ni kwamba mtutu wa kawaida wa Lee-Enfield una mifereji mitano, kwa hiyo kila mfereji unatazamana na tuta. Maikromita ya kawaida haina pa kushika mifereji miwili inayokabiliana, na ukipima hivihivi utapata namba ndogo isiyo ya kweli. Mimi hukizungushia kile kipande ukanda mwembamba wa shaba ambao unene wake naujua, nakaza vizuri, napima juu yake, kisha natoa unene huo mara mbili. Baadhi ya No. 4, toleo la Lee-Enfield la Vita vya Pili vya Dunia, zina mifereji miwili tu, na mwenye bunduki ya aina hiyo hapati shida hii.

Baada ya mtutu ni koo, ile sehemu iliyo mbele ya chemba (chumba inamokaa risasi) ambako matuta yanaanzia. Kichwa kizuri cha kusubu kwa bunduki hii kina vipenyo viwili: pua ya karibu 7.70 inayopanda juu ya matuta na kuongozwa nayo, na mwili mnene unaokwenda kukaa kwenye mifereji. Tengeneza risasi bandia isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni), paka pua wino wa kalamu nzito, iingize chembani, funga bolti kwa vidole viwili, kisha itoe taratibu. Nataka kuona mikwaruzo mitano myepesi kwenye wino. Ikibidi uisukume bolti kwa kiganja, pua ni nene mno au kichwa kimetokeza mno. Risasi kamili ya namna hiyo ukiitoa bila kuipiga, kichwa kinaweza kubaki kooni, ganda likatoka peke yake na baruti ikamwagika ndani ya bunduki.

Sasa magazini. Urefu wa juu kabisa wa risasi ya .303 ni milimita 78.1, na magazini haina huruma kwa anayeuvuka. Wakati mwingine koo lililolika linataka kichwa kitokeze kuliko magazini inavyoruhusu. Hapo mimi husimama na magazini. Hii ni bunduki ya risasi kumi. Kuilisha moja moja kwa sababu ya milimita mbili ni kuinyima kazi iliyoundiwa. Nakubali usahihi upungue kidogo, au natafuta kalibu yenye pua nyingine.

Umbo la pua nalo lina uzito. Kabla ya risasi ya Mk VII yenye ncha kali kuingia mwaka 1910, jeshi la Uingereza lilitumia vichwa vyenye pua ya mviringo vya gramu 13.9. Ndiyo maana kichwa cha kusubu cha gramu 13 chenye pua ya mviringo hupanda kutoka kwenye magazini bila kugoma. Pua bapa na pana, au bega lenye ukingo mkali, hugonga mdomo wa chemba na kuacha vinyweleo vya madini pale pale.

Shingo ya ganda ndiyo wengi huisahau. Zana za kawaida huibana kwa ajili ya vichwa vya kiwandani vya 7.90. Ukiingiza humo kichwa laini cha 7.98, shaba ngumu hukikamua kikawa chembamba, na kazi yote ya kupima imekwenda bure. Tumia kipanuzi kinachoacha shingo ndogo kuliko kichwa kwa 0.05 hivi, na mdomo ufunguke kidogo ili usikikwangue. Ukimaliza, urudishe mdomo uwe wima, la sivyo risasi haitaingia chembani. Lakini shingo isilegee, kwa sababu bolti ikiisukuma pua kwenye mteremko wa kuingilia chembani, kichwa kinaweza kurudi ndani ya ganda na shinikizo likapanda.

Kuhusu madini, asilimia 90 ya risasi (metali yenyewe), 5 ya bati na 5 ya antimoni inatosha, pamoja na kikombe cha shaba kwenye kitako cha kichwa, cha kukikinga na gesi ya moto. Ukitumia vyuma vya kusawazishia magurudumu, chunga zinki, maana baadhi yake ni za zinki: huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, kwa hiyo chungu kikiwa chini ya hapo huelea juu na unaiopoa. Tone la maji lisiingie chunguni, na moshi uwe na pa kutokea. Kipimo cha baruti chukua kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo, si kwangu. Kwa walio Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.

Kabla ya kujaza hata ganda moja, tengeneza risasi bandia kumi, zipange kwenye magazini, ukingo wa kitako cha kila risasi ya juu ukiwa mbele ya ule wa chini yake, uzipitishe zote, kwanza polepole kisha kwa kasi. Zipime tena urefu zikitoka. Iliyofupika haikubanwa vya kutosha shingoni. Iliyokwaruzwa upande mmoja inakudai pua nyingine.