Elimu kwa Umma: Kabla Hujalipia Chuo au Nyumba Kaskazini mwa Kupro

Tangu mawakala wa vyuo na madalali wa nyumba waanze kuinadi "Kupro ya Kaskazini" mitandaoni, dawati letu linapokea maswali yaleyale: je, hiyo ni nchi halali, na ni salama kusoma au kununua nyumba huko? Hatuna shaka na nia za wanaouliza. Shida ni kwamba wengi wanauliza wakiwa wameshalipa.

Kisheria dola ni moja, Jamhuri ya Kupro (ndiyo Kipro ya kwenye Biblia, kwao Barnaba). Julai 15, 1974, wanajeshi walioungwa mkono na watawala wa kijeshi wa Ugiriki walimpindua Rais, Askofu Mkuu Makarios. Siku tano baadaye Uturuki ikashusha majeshi karibu na Kyrenia, mji wa pwani ya kaskazini, ikisema inawalinda Waturuki wa Kupro. Agosti ikasonga tena, ikashika zaidi ya theluthi ya kisiwa. Wagiriki wa Kupro wapatao 160,000 wakakimbilia kusini. Waturuki wa Kupro makumi ya maelfu wakahamia kaskazini. Nyumba zilibaki, na hati zake hazikufa.

"Mbona watu wa kaskazini wana rais, bendera na mihuri?" Wanavyo. Walijitangazia dola Novemba 15, 1983. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 541, likasema tangazo hilo ni batili. Anayewatambua mpaka leo ni Uturuki peke yake. Swali hili tumelijibu mara nyingi mno.

Sasa utaratibu. Viwanja vya ndege halali ni Larnaca na Paphos. Ukitua Ercan, uwanja wa kaskazini ambako ndege hupitia Uturuki, Jamhuri inahesabu umeingia isivyo halali. Kibali cha mwanafunzi cha kaskazini hakikuvushi Mstari wa Kijani, unaotenganisha kaskazini na kusini, na sheria za Umoja wa Ulaya zimesimamishwa upande wa kaskazini. Anayekwambia "ukifika huko umefika Ulaya" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu nyumba, Kanuni ya Adhabu ya Jamhuri inatoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa anayeuza, kukodisha, kutangaza au kununua mali isiyohamishika ya mwingine, huku akijua au akipaswa kujua kwamba mwenye hati hakuridhia. Kurudi kwako hakukuokoi moja kwa moja: mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hukumu ya Kupro dhidi ya Waingereza wawili waliojenga Lapithos, huko kaskazini, kwenye ardhi ya Mgiriki wa Kupro, itambuliwe hata Uingereza, wakati huo ikiwa bado ndani ya Umoja huo.

Kwa hiyo dai kuonyeshwa hati, na uulize ardhi ilikuwa kwa jina la nani kabla ya Julai 20, 1974. Ukiambiwa ni "hati ya mabadilishano", yaani ile ambayo kaskazini ilimpa Mturuki wa Kupro kufidia ardhi aliyoiacha kusini, fahamu kwamba mwenye ardhi wa awali yuko kusini.