Debe halikuwa tatizo: kuisikiliza upya St. Anger ya Metallica

Hakuna albamu inayogombanisha mashabiki wa roki hapa Arusha kama St. Anger ya Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani. Ilitoka Juni 2003, na mpaka leo ukiitaja mbele ya watu wanaoipenda Metallica, wa kwanza kufungua mdomo atasema: debe. Anamaanisha ile sinea, ngoma ndogo ya mlio mkali kwenye seti ya dramu, ya mpiga dramu Lars Ulrich, inayolia "tang, tang, tang" tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini miaka ya karibuni naona upepo umegeuka. Watu wazima walioitupa CD yake enzi zile sasa ndio wanaoniomba niiweke kwenye spika za studio, na vijana waliozaliwa baada ya albamu kutoka wanauliza kwani ugomvi ulikuwa wa nini.

Mimi ni fundi wa sauti. Narekodi kwaya, bendi za injili na wasanii wa hip hop, na dramu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Nimeisikiliza albamu hii kama shabiki na kama fundi, na msimamo wangu ni kwamba sinea imebebeshwa mzigo usio wake. Kasoro ipo, tena kubwa. Ipo kwenye mkasi, yaani kwenye namna nyimbo zilivyokatwa na kuunganishwa.

Kwanza tukumbushane hali ilivyokuwa. Jason Newsted, mpiga bezi aliyeingia baada ya Cliff Burton kufariki kwenye ajali ya basi Sweden mwaka 1986, aliondoka Januari 2001. Miezi michache baadaye bendi iliingia kurekodi kwenye kambi ya zamani ya jeshi pale Presidio, San Francisco, ikiwa haina mpiga bezi, ikabidi prodyuza Bob Rock ashike bezi mwenyewe. Julai mwaka huohuo mwimbaji James Hetfield akaenda kutibiwa ulevi. Aliporudi, masharti ya matibabu yalimruhusu kufanya kazi kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi jioni tu. Bendi ilimwajiri Phil Towle awasuluhishe kwa dola 40,000 kwa mwezi, na kamera za Joe Berlinger na Bruce Sinofsky zikawa zinarekodi kila kitu, hadi ikatoka filamu ya Some Kind of Monster mwaka 2004. Robert Trujillo aliajiriwa Februari 2003, kazi ya kurekodi ikiwa imekwisha. Kwa hiyo unachokisikia kwenye albamu ni watu watatu na prodyuza wao, wakiwa katika kipindi kibaya kuliko vyote vya maisha yao ya kazi, wanajaribu kukaa chumba kimoja bila kugombana.

Sasa tuje kwenye sinea yenyewe, maana hapa ndipo maneno mengi yanasemwa bila kuelewa.

Juzi nilikuwa napanga maiki kanisani, Njiro, nikamwomba mpiga dramu wa kwaya akae kwenye kiti chake. Sinea ina ngozi mbili, ya juu unayoipiga na ya chini. Chini ya ile ya chini kuna nyaya nyembamba za chuma zilizojikunja, na pembeni kuna kiwiko kidogo cha kuzikaza au kuzilegeza. Nikamwambia apige kawaida. Ikatoka ile sauti anayoijua kila mtu, "kaa!", fupi na kali. Nikashusha kiwiko, nyaya zikaachana na ngozi.

"Piga tena."

Akapiga. Ikatoka "tong", ikabaki inalia hewani.

"Braza, hii imekufa," akasema.

"Haijafa. Subiri, usiishike ngozi. Isikilize mpaka iishe."

Akaisikiliza, kisha bila kuambiwa akaanza kuipiga pembeni, karibu na chuma, halafu katikati, akilinganisha. Pembeni ikalia kwa muda mrefu zaidi, na mlio ukawa juu zaidi. Alichokisikia kijana yule ndicho kiini cha mjadala wote wa St. Anger.

Nyaya zikiwa zimekaza, zinatoa mchakacho wa juu, sauti isiyo na noti maalumu. Mchakacho huo unafunika mlio wa ngozi, ndiyo maana sinea ya kawaida inakaa vizuri na wimbo wa ufunguo wowote. Ukizilegeza, umeondoa kifuniko. Kinachobaki ni ngozi na kasha la chuma, navyo vina noti, ileile kila ukipiga. Sasa chukua magitaa ambayo Metallica waliyashusha hadi C kwenye sehemu kubwa ya albamu hii, mazito, yote yamejaa chini. Juu yake weka noti moja ya chuma inayorudi mara mia kwa wimbo, isiyobadilika hata magitaa yakibadilika. Sikio halilichukulii lile pigo kama mdundo tena, linalichukulia kama ala ya pili inayopiga noti isiyohusika. Huo ndio usumbufu ambao watu wameuita debe. Ongeza kompresa, mtambo unaoshusha kilele cha sauti na kuinua mkia wake, basi ule mkia wa "ooong" unakuja mbele kabisa usoni.

Mafundi wengi tunapambana na mkia huo kila siku. Tunabandika selotepu kwenye ngozi, tunaweka leso, wengine wanaweka pochi. Ulrich aliusikia, akaupenda, akauacha. Tangu wakati huo ameulizwa habari hii kwenye mahojiano mengi na ameendelea kuutetea. Bob Rock naye ameeleza kwamba alitaka isikike kama bendi iliyo gereji, watu wanne na vyombo vyao, pasipo kusafishwa. Huyu ndiye prodyuza aliyesimamia ile albamu nyeusi ya Metallica ya mwaka 1991, ambayo sauti yake ya dramu mafundi wa dunia nzima wameiiga. Alijua vizuri sinea nzuri inarekodiwaje. Kuamini kwamba alisahau kukaza nyaya ni kumkosea heshima.

Tena ukiisikiliza bila hasira, sauti ile inalingana na maneno. Hetfield anaimba kuhusu ghadhabu, pombe, woga, mtoto aliyejificha ndani ya mtu mzima. Video ya wimbo uliobeba jina la albamu waliipiga ndani ya gereza la San Quentin. Dramu laini, iliyopakwa mafuta, ingeyafanya maneno yale yaonekane ya kuigiza.

Nina ushahidi wa aina mbili kwamba debe halikuwa tatizo.

Wa kwanza umetoka kwa mashabiki wenyewe. Mwaka 2015 wanamuziki walioipenda na kuichukia albamu hii kwa wakati mmoja waliirekodi upya, nyimbo zote 11, wakaweka sinea ya kawaida na sauti safi. Kazi yao ni nzuri na nawaheshimu kwa jasho lile. Lakini nikifika katikati ya Invisible Kid kwenye toleo lao, nachoka palepale ninapochoka kwenye toleo la asili. Sinea imerekebishwa, uchovu umebaki.

Wa pili umetoka kwa bendi. Wimbo wa Some Kind of Monster, wenye jina moja na ile filamu, kwenye albamu una zaidi ya dakika 8. Walipoutoa kama singo waliufupisha karibu nusu. Hetfield yuleyule, magitaa yaleyale, sinea ileile ya "tong", na wimbo unasimama wima! Unaingia, unakuvuta, unaondoka ukiwa bado unautaka. Kama sinea ndiyo ingekuwa ugonjwa, toleo fupi nalo lingekuwa mgonjwa.

Ugonjwa unaonekana ukijua nyimbo zilivyotengenezwa. Hawakuja na nyimbo zilizokamilika kama zamani. Walikaa wakapiga kwa muda mrefu, wakarekodi kila kitu, kisha vipande vikachaguliwa na kuunganishwa kwenye kompyuta kwa Pro Tools, programu ya kurekodi na kukata sauti. Njia hiyo si mbaya kwa yenyewe, hata mimi naitumia kila wiki. Hatari yake ni kwamba kipande kizuri cha gitaa ukishakikata na kukihifadhi, kukirudia hakukugharimu chochote. Mpiga gitaa aliye hai akirudia kitu mara ya sita mkono unachoka, anabadilisha kidogo, au anamtazama mwenzake kumwashiria watoke. Kompyuta haichoki. Ndiyo maana hakuna wimbo hata mmoja wa albamu hii ulio chini ya dakika 5, na jumla ni dakika 75. Sikiliza Shoot Me Again ukiwa na kalamu, andika kila kinapoanza kipande kipya. Utaona kwamba kuanzia nusu ya pili hakuna habari mpya, ni mzunguko tu.

Bendi hii ilipotoa albamu ya Master of Puppets mwaka 1986 nyimbo zilikuwa ndefu vilevile, ila kila dakika ilikuwa na kazi yake. Urefu wa St. Anger ni wa vipande vilivyokosa mtu wa kusema "basi, inatosha". Na ukitazama filamu unaelewa kwa nini alikosekana. Hawa walikuwa wametoka tu kujifunza kuongea bila kurushiana maneno, kila mtu anaogopa kukataa wazo la mwenzake. Wimbo hauwezi kukatwa vizuri na watu wanaoogopana.

Kuhusu magitaa ya solo, nitasema kwa kifupi. Hakuna solo hata moja. Mpiga gitaa la solo, Kirk Hammett, alilipinga hilo waziwazi kwenye filamu, akasema kuondoa solo kutaifanya albamu ionekane ya kipindi kile tu, na naamini alikuwa sahihi. Kwa msikilizaji wa huku kwetu pengo hili linauma zaidi. Mji huu ulikuwa na Arusha Jazz, kabla akina Wilson na George Peter Kinyonga hawajahamia Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika. Sikio letu limelelewa na gitaa la solo linalochukua wimbo mkononi mambo yanapofika kunoga. Wazee walioingia kwenye roki kutokea dansi waliisubiri solo, haikuja, wakaondoka.

Ndiyo maana waliorudi kuitetea hapa mjini ni wa aina nyingine. Wengi wamekulia kwenye hip hop ya Chuga, kwenye biti kavu zinazozunguka na sinea zenye mlio wa ajabu. Kwao sinea ya chuma ni ladha tu kati ya ladha. Prodyuza mmoja kijana wa Ngarenaro aliisikia Frantic kwangu kwa mara ya kwanza, na swali lake lilikuwa kama naweza kumkatia ule mlio akautumie. Yule hakuwa na Master of Puppets kichwani ya kulinganisha nayo. Wapo pia waliopitia mambo yao, pombe, kuachwa, kufiwa, wakaiona ile filamu, kisha wakairudia albamu wakiwa wanajua nani anapiga kelele na kwa nini. Rafiki yangu mmoja, dereva wa watalii, aliniambia kwamba The Unnamed Feeling ndio wimbo pekee anaoujua unaoeleza kile kinachomkaba kifuani usiku. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia habari za debe.

Bendi yenyewe imetoa hoja nzuri kuliko zote. Chukua All Within My Hands, wimbo wa mwisho, zaidi ya dakika 8 za kelele ambazo mwaka 2003 wengi hawakuzifikia. Miaka baadaye waliupanga upya kwa magitaa makavu, yasiyo ya umeme, wakaupunguza kasi, na Septemba 2019 wakaupiga na San Francisco Symphony kwenye maonyesho ya S&M2. Taasisi yao ya misaada waliyoianzisha mwaka 2017 wameipa jina la wimbo huohuo. Sikiliza toleo hilo la pili, utakuta melodi ya huzuni iliyotulia, yenye mpangilio. Ilikuwepo muda wote, imefukiwa chini ya marudio.

Sitaki kuwaambia watu kwamba hii ni kazi bora iliyoonewa. Ukiiweka mbele ya albamu zao za miaka ya 1980 inapwaya, na tuzo ya Grammy waliyopewa mwaka 2004 kwa wimbo wa St. Anger haibadilishi hilo. Lakini Death Magnetic ya mwaka 2008, iliyowarudishia mashabiki solo zao, ilisukumwa sauti juu hadi mawimbi yakakatika vichwa, na kifundi hilo ni kosa lisilo na utetezi. Bado hasira zote zinaishia kwenye sinea ya 2003. Kwangu mimi uchaguzi wa makusudi nisioupenda una heshima kuliko uharibifu wa mitambo.

Ukitaka kuijaribu tena, usianze mwanzo. Anza na The Unnamed Feeling, kwenye spika za kawaida, usitumie zile spika ndogo za simu, maana zinakata chini na kukuachia debe tupu. Halafu Dirty Window, halafu Frantic. Some Kind of Monster utafute ule mfupi wa singo. Kisha utazame yale mazoezi yaliyokuja na albamu kwenye DVD, bendi ikiwa na Trujillo inapiga albamu nzima mbele ya kamera. Mtazame Ulrich anavyoipiga ile sinea. Purify unaweza kuuruka.