Kwa Nini Mtoto Hung'ang'ania Kitabu Kile Kile?

Mletee mtoto wa miaka mitatu vitabu vitano vipya. Atavipekua, kisha atachukua kile cha zamani kilichochanika jalada. "Nisomee hiki." Wazazi wengi huona ni ukaidi, kumbe hapo ndipo anapojifunza.

Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa umri huo hadithi zenye maneno mageni. Wengine walirudiwa hadithi zile zile, wengine walisomewa tofauti tofauti, ingawa wote waliyasikia maneno hayo mara sawa. Waliorudiwa ndio walioyashika vizuri zaidi. Huenda ni kwa sababu safari ya kwanza mtoto huwa anahangaika na kisa chenyewe: huyu nani, anakimbilia wapi, ataponaje? Akishakijua, ndipo anapopata wasaa wa kulisikia neno moja moja.

Basi nunua kitabu utakachoweza kukisoma mara ishirini bila kuchoka. Kijaribu kwa sauti pale pale dukani. Ulimi ukikwama, au Kiswahili chake kikisikika kama tangazo la ofisini, kirudishe rafuni. Mimi hupenda zaidi chenye kibwagizo kinachorudi kila baada ya kurasa chache, kama vile ngano zetu za Sungura na Fisi zinavyokuwa na kijiwimbo chake. Mtoto aliyezoea kujibu "Pakawa!" akiitwa "Paukwa!" hukidaka upesi, na baada ya siku chache anakutangulia kukisema. Vitabu vinavyomhubiria mtoto adabu kila ukurasa mimi huviacha, havirudiwi.

Picha nazo zikague sana. Tafiti zilizofuatilia macho ya watoto wadogo wanaposomewa zimeonyesha kwamba hutazama picha karibu muda wote, herufi kwa nadra. Neno likitaja kobe kisimani, kobe na kisima vionekane, tena pasiwe na msongamano wa vitu.

Bei isikuzuie. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure, zimepangwa kwa ngazi. Unaweza kuzisoma kwenye simu, au kuzichapa na kuzishona kwa uzi zikawa kijitabu cha mtoto mwenyewe.