Si sumu, ni vile inamezwa

Hapa Lamu utasikia ati alendronati, kile kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, ni sumu, kinachoma kifua. Mamangu pia alikiacha. Kumbe alikuwa akikimeza na mafunda mawili ya chai ya maziwa baada ya swala ya alfajiri halafu anajilaza tena, sasa kidonge kinakwama kooni kinaunguza njia ya chakula na yale maziwa yanazuia dawa isiingie mwilini. Kimeze tumbo tupu, maji matupu gilasi nzima, kisha nusu saa usijilaze wala usile, mahamri yangoje. Ila kumeza kukiuma ama kiungulia kikizidi, acha, wahi kwa daktari, tafadhali usivumilie, ziko dawa zingine za sindano.