Mwananchi wa Kawaida na Diplomasia ya Ziwa Victoria

Katika mafunzo ninayowapa viongozi wa wavuvi hapa Kisumu kuhusu uhusiano wa mataifa, huulizwa mara kwa mara mwananchi asiye balozi wala waziri ana kauli gani katika mambo ya nchi na nchi. Anayo, tena imo katika sheria, na inanisikitisha kwamba wengi hawajaelezwa.

Ziwa Victoria ni la nchi tatu, na fungu la Kenya ni takriban asilimia 6 tu. Mvuvi wa Muhuru Bay anayemfuata mbuta hujikuta kwa urahisi katika maji ya Tanzania au Uganda, na mashua yake ikikamatwa pamoja na injini na nyavu, hawezi kusubiri wizara ziandikiane barua huku watoto wakilala njaa. Kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU, humpigia simu mwenzake wa ng'ambo, kisha wazee wawili watatu huvuka wakiwa na nakala ya leseni na ya usajili wa mashua. Nimeketi katika mazungumzo ya namna hiyo, na ustadi wake ni wa kuheshimiwa: hakuna anayeanza kwa kutaja mpaka. Wanajuliana hali, wanapeana pole za misiba, wanaulizana habari za binti aliyeolewa upande wa pili, hata suala la mashua linapofikiwa, pande zote zinaoneana haya kuharibu ujirani.

Hata hivyo, maafikiano ya mdomo humrudishia mtu mmoja mashua yake bila kugusa uamuzi wa serikali uliosababisha ikamatwe. Hapo ndipo Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unapohitajika. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki sheria, kanuni au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba, na halazimiki kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za nchini. Mwaka 2006, Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake waliitumia ibara hiyo kupinga namna Kenya ilivyowapata wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki. Mahakama ilizuia wasiapishwe, na mwaka 2007 ikaamua kwamba Mkataba ulikuwa umekiukwa. Nyong'o mwenyewe alikuwa mbunge katika Bunge la Kenya, lakini haki aliyoitumia ni ile ile aliyo nayo mchuuzi wa omena.

Kinachowakwaza wengi ni muda. Shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee, au tangu mlalamikaji akijue, na Mahakama huushikilia ukomo huo kwa ukali. Kwa hiyo navisihi vikundi vya fuo viandike jioni ile ile tarehe, mahali, majina ya walioshuhudia na sababu waliyopewa na maafisa, vidai stakabadhi ya kila kilichochukuliwa, na vimwone wakili wakati mazungumzo ya wazee yakiendelea, si baada ya kushindikana.