Chaja ya wati 65 haiui simu, ile ya bei poa yaweza kumuua mwenye simu

“Usichaji simu kwa chaja ya laptop, itaungua.” Onyo hili limezoeleka hata kwa mafundi wengine. Anayeliamini asome maandishi madogo kwenye chaja yenyewe. Chaja ya laptop ya USB-C ya wati 65 kwa kawaida huandikwa 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A na 20V 3.25A. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati: 20 mara 3.25 ni 65. Hizo ampea ni kikomo cha kile chaja inachoweza kutoa. Haizisukumi ndani ya simu. Simu huvuta kiasi inachohitaji. Soketi ya ukutani ina uwezo wa ampea 13, takriban wati 3,000, na redio ndogo huchomekwa humo kila siku bila mtu kuionea huruma.

Volti ndizo za kuogopa, na waliounda USB Power Delivery, mfumo wa chaja na kifaa kukubaliana volti, walilijua hilo. Chaja huanza na volti 5. Haipandi hadi 9 wala 20 mpaka kifaa kiombe, na simu ya zamani isiyojua kuomba hubaki kwenye 5 na kuchaji polepole. Ukigeuza mambo, ukaiwekea laptop chaja ndogo ya simu, laptop itaikataa au itajaa kwa mwendo wa kobe. Haitaharibika.

Wapo pia wanaoamini kwamba tundu likiwa la USB-C, basi chaji ni ya haraka. USB-C ni umbo la tundu tu. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na tundu hilo, lakini miongoni mwao kuna simu za wati 15 na nyingine zinazovuka 60. Kampuni kadhaa zina mifumo yao ya kuchaji haraka, hivyo simu iliyotangazwa kuwa ya wati 80 yaweza kupata chini sana ya hapo ikiwekwa kwenye chaja ya kampuni nyingine.

Waya nao hudharauliwa. Waya wa kawaida wa USB-C kwa USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo unahitaji waya wenye chipu ndogo ya kujitambulisha kwa chaja. Ndio unaofikisha wati 100, na kwa kiwango kilichotangazwa 2021, wati 240. Ukikosekana, chaja hujishusha yenyewe. Ubaya ni waya uliotengenezwa ovyo: Februari 2016 Benson Leung, mhandisi wa Google aliyekuwa akipima nyaya za USB-C zinazouzwa mtandaoni, aliharibikiwa na laptop yake kwa sababu ya waya mmoja uliounganishwa kinyume, chanya pahali pa hasi.

Dhana ninayoiona mbaya kuliko zote ni hii: chaja feki kosa lake ni kuchelewesha tu. Ndani ya kile kichwa kidogo kuna upande wa volti 230 au 240 na upande wa volti 5, na kinachovitenganisha ni transfoma na nafasi ya milimita chache. Mtengenezaji anayebana gharama hubana hapohapo. Kizuizi kikishindwa, umeme wa ukutani unafika kwenye waya, kwenye simu na sikioni mwako. Mwasho mdogo unaousikia kwenye bodi ya chuma ya laptop unaweza kutokea hata kwa chaja halali ya pini mbili. Ukipigwa shoti ya kweli, zima swichi ya soketi kwanza, kisha chaja hiyo iende jalalani.

Na ule mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie? Tundu lile ni la ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, na pini ndefu ya plagi ya pini tatu ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mengine. Plagi iliyoingizwa kwa nguvu hulegea na kupata joto, tena haina fyuzi kama ya pini tatu. Nunua adapta.

Kuchaji usiku kucha? Simu hukata yenyewe ikijaa. Ila usiifunike kwa mto. Joto huchosha betri, na chaja mbovu ikichemka kitandani ni moto.

Pawabenki ya 20,000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji ya betri) nayo haijazi mara nne simu ya 5,000 mAh. Namba hiyo hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. Umeme hupandishwa hadi volti 5, kisha hushushwa tena ndani ya simu, na kila hatua hupoteza kiasi kama joto. Msafiri wa ndege ahesabu hivi: 20,000 mAh ni ampea-saa 20, mara volti 3.7 ni wati-saa 74, na kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni 100, tena mkononi, siyo kwenye sanduku la kupakiwa.