Mtoto wa mkanda mweupe anajifunza nini kambini

Likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi hapa Jinja huniuliza kama mtoto atarudi kutoka kambi ya karate na mkanda wa njano. Huwa nawajibu kwamba hatarudi nao. Siku chache hazitoshi kumpandisha mtu mkanda, ila zinatosha kumfundisha kusimama, na mimi nalithamini hilo kuliko mtihani wowote.

Tunaanza na zenkutsu-dachi, mkao wa mguu mmoja mbele: goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu. Karibu kila anayeanza huipanga miguu kwenye mstari mmoja, kama anayevuka mto juu ya gogo. Nikimgusa bega tu, anayumba. Namwambia aitanue hadi upana wa nyonga, namgusa tena, hayumbi. Hapo uso wake hubadilika, maana amejionea mwenyewe bila kuhubiriwa.

Kisha tunaingia Heian Shodan, kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa, unaofanywa peke yako) yenye miondoko 21. Wengi hudhani kata zote ni za wapiganaji wa kale, lakini hizi tano za Heian zilitungwa na Anko Itosu wa Okinawa, Japani, mwalimu aliyepigania karate ifundishwe mashuleni mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi wake Gichin Funakoshi, aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922, ndiye aliyeitanguliza hii ya Shodan, kwa kuwa ni nyepesi kuliko iliyokuwa ya kwanza. Basi mtoto wa miaka minane akigeukia kulia badala ya kushoto, hajabebeshwa mzigo usio wa umri wake. Mwacheni akosee, atazoea.

Kinachowashinda watoto wetu zaidi ni kiai, ule ukelele wa mwondoko wa 9 na wa 17. Wamelelewa kutopaza sauti mbele ya wakubwa, halafu mtu mzima anawaamuru wapige kelele! Nilikuwa na binti mmoja aliyefungua mdomo, sauti isitoke. Nikamwambia, "Mwanangu, weka kiganja chini ya kitovu, toa pumzi kwa nguvu mpaka tumbo likaze." Sauti ikatoka nene, wenzake wakageuka kumtazama. Anayetegemea koo hukauka sauti kabla ya posho (ugali) na maharage ya mchana.

Kumite, yaani pambano la watu wawili, ndiyo wazazi wanayoiogopa, na wana haki. Kwa mkanda mweupe inatakiwa iwe ya kupangwa: mmoja anasonga mbele na ngumi, mwingine anarudi nyuma akikinga, wote wanajua pigo linaelekea wapi, na ngumi inasimama kabla ya kugusa. Kabla hujalipa ada, muulize mwalimu kama wanaoanza hupiganishwa bila mpangilio. Akikubali, tafuta kambi nyingine. Na mkate mtoto kucha za mikono na miguu, maana tunafanya mazoezi pekupeku na kucha ndefu humchana mwenzake.